Linda Picha za Familia Unaposafiri kwa Ndege

KATIKA nyumba nyingi, ndani ya kabati au sanduku la zamani, kuna filamu moja au mbili ambazo hazijasafishwa hadi leo. Pengine ilikuwa ni arusi, pengine ubatizo wa mtoto wa kwanza, au ile siku bibi alipokuja mjini kwa mara ya mwisho. Picha zilipigwa, fedha za kusafishia zikakosekana mwezi ule, filamu ikawekwa kando, na miaka ikapita. Siku hizi studio nyingi katika miji yetu zimeacha kazi ya kusafisha filamu, kwa kuwa watu wengi hupiga picha kwa simu. Basi mtoto aliye masomoni ng'ambo anaposema, "Mama, nipe niende nazo, huku bado wanasafisha," ni nani asiyefurahi?

Furaha hiyo inahitaji tahadhari kidogo. Kati ya sanduku lako na studio ya ng'ambo kuna mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege, na mashine hizo zinaweza kuharibu picha ambazo haziwezi kupigwa tena. Wengine waliomo katika picha hizo hatunao tena duniani. Ndiyo maana tumeona vema tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Wala si filamu za zamani tu. Vijana wengi wameanza tena kupenda kamera za filamu, na katika arusi za ng'ambo huwekwa kamera za kutumia mara moja juu ya meza ili wageni wapigane picha. Mama anayekwenda kumwoza binti yake huko anaweza kurudi na kamera kama hiyo mkobani, naye asijue kwamba inahitaji uangalizi.

Kwa nini eksirei huharibu filamu?

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa utando wa jelatini wenye chembe ndogo sana za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga unapoingia ndani ya kamera, chembe hizo hupata alama isiyoonekana kwa macho. Alama hiyo hukaa ikingoja dawa za studio, na dawa ndizo zinazoifanya picha itokee. Tatizo ni kwamba chembe hizo haziwezi kutofautisha mwanga wa jua na miali ya eksirei. Vyote viwili huzitia alama. Tena eksirei hazingoji kifuniko kifunguliwe. Hupenya mkoba, nguo, kikopo cha filamu na hata kamera yenyewe.

Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo. Wilhelm Röntgen, mwanasayansi wa Ujerumani, aligundua miali hiyo mwezi wa Novemba 1895. Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo, alimwomba mke wake, Anna Bertha, aweke mkono wake juu ya bamba la picha, kisha akaupitishia miali. Bamba liliposafishwa, mifupa ya vidole ilionekana, na pete yake pia. Uwezo uleule uliochora mkono wa mama yule ndio unaoziharibu picha zetu, kwa maana miali ya uwanjani huchora juu ya picha iliyokwisha kupigwa.

Filamu iliyopigwa na miali hutoka na ukungu. Sehemu zilizopaswa kuwa nyeusi huwa za kijivu, rangi hufifia, na chengachenga huonekana kama mchanga. Ikiwa miali ilikuwa na nguvu nyingi, huacha mchirizi unaokata picha, na wakati mwingine mchirizi huo hupinda kama wimbi kwa sababu filamu ilikuwa imeviringishwa. Fundi anaweza kupunguza ukungu, lakini sura iliyopotea hawezi kuirudisha.

Mashine si za namna moja

Mashine za ukaguzi zilienea kwa sababu ya matukio ya kuhuzunisha. Baada ya ndege nyingi kutekwa nyara, Marekani ilianza mwaka wa 1973 kuwakagua abiria wote pamoja na mizigo yao ya mkononi. Kisha, tarehe 21 Desemba 1988, bomu lililofichwa ndani ya redio ya kaseti, katika sanduku lililokuwa tumboni mwa ndege, lililipua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, huko Scotland. Watu 270 walikufa. Tangu hapo mizigo inayoingia tumboni mwa ndege ilianza kuchunguzwa kwa makini zaidi, na baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ukaguzi huo ulikazwa tena. Hatuna sababu ya kuwalaumu wakaguzi; kazi yao huokoa maisha. Yatupasa tu kujua jinsi mashine zao zinavyofanya kazi.

Mashine ya kwanza ni ile ya kawaida ya mizigo ya mkononi, ambayo wengi wetu tumeiona. Mkoba hupita juu ya mkanda, na picha yake huonekana mara moja kwenye kioo. Miali yake ni hafifu. Filamu za kawaida zinaweza kupita humo mara chache pasipo madhara ya kuonekana.

Ya pili ni mashine ya mizigo ya tumboni. Hiyo inaweza kutumia miali yenye nguvu zaidi, nayo ndiyo huacha ile michirizi. Filamu isiyosafishwa isiwekwe kamwe katika sanduku unalolikabidhi kwa shirika la ndege.

Ya tatu ndiyo iliyobadilisha mambo. Ni mashine ya CT, inayofanana na ile ya hospitali: miali huzunguka mzigo na kuupiga picha kutoka pande nyingi. Zamani ilitumiwa kwa mizigo ya tumboni tu, lakini katika miaka ya karibuni imewekwa pia mahali pa kukagulia mikoba ya abiria. Kwa mfano, mwaka wa 2019 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba viwanja vikubwa vya nchi hiyo viwe na mashine hizo kufikia mwisho wa 2022. Baadaye muda huo ulisogezwa hadi Juni 2024, na baadhi ya viwanja vikaongezewa muda. Kampuni ya Kodak imewaonya wateja wake wasipitishe filamu isiyosafishwa katika mashine za CT. Kwa hiyo lile shauri la zamani la "iweke tu katika mkoba wa mkononi" halitoshi tena.

Utaitambuaje? Mara nyingi ni kubwa na nene kuliko ile ya kawaida. Alama nyingine ni kwamba wakaguzi hukuambia uache kompyuta na chupa ndani ya mkoba. Usikiapo hivyo, toa filamu kwanza.

Haba na haba hujaza kibaba

Madhara ya miali hayafutiki. Kila mara filamu inapopita, huongezeka juu ya yale ya kwanza. Hebu hesabu. Katika viwanja kama vile vya Dar es Salaam na Nairobi, mikoba hukaguliwa mlangoni, kisha hukaguliwa tena kabla ya kwenda kwenye ndege. Ukibadilisha ndege njiani, huenda kukawa na ukaguzi mwingine. Kabla hujafika uendako, filamu imeweza kupita mara tatu, na bado safari ya kurudi.

Namba iliyoandikwa kwenye filamu baada ya herufi ISO au ASA nayo ni ya maana. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo filamu inavyodhurika upesi. Filamu ya 100 au 200 huvumilia kuliko ya 800, na ya 1600 au 3200 isipitishwe hata katika mashine ya kawaida. Kamera nyingi za kutumia mara moja zina filamu ya 400 au 800. Na zile kamera zinazotoa picha papo hapo? Filamu za Instax ni za 800, basi zitunze vivyo hivyo.

Mambo ya kufanya

1. Ikiwa bado kuna studio ya kuaminika karibu nawe inayosafisha filamu, isafishe kabla ya safari. Filamu iliyosafishwa haidhuriki tena na eksirei. Vivyo hivyo, ukipiga picha ng'ambo, zisafishwe hukohuko kabla ya kurudi.

2. Zitoe filamu katika maboksi, uziweke zote katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, namba zikionekana. Mfuko huo ukae juu kabisa katika mkoba wa mkononi.

3. Fika mapema. Kabla ya kuweka mkoba juu ya mkanda, salimu, kisha omba kwa upole filamu zikaguliwe kwa mkono. Nchini Marekani sheria humpa abiria haki hiyo. Katika nchi nyingi nyingine uamuzi ni wa mkaguzi, na adabu husaidia kuliko ubishi.

4. Maliza filamu iliyo ndani ya kamera, uirudishe katika kikopo chake na kuitoa. Mkaguzi akifungua kamera yenye filamu, mwanga utaiharibu.

5. Usitegemee mifuko yenye madini ya risasi. Mkaguzi aonapo doa jeusi kwenye kioo, atataka kuufungua mfuko au kuupitisha tena.

6. Ikiwa filamu ni nyingi na za thamani, usizitume zote kwa safari moja. Zigawe.

Yasiyopaswa kukuogopesha

Simu, kamera za dijitali na kadi zake haziharibiwi na eksirei za uwanjani. Picha za karatasi za albamu haziharibiki pia. Wagonjwa wanaokwenda India kwa matibabu wakiwa na picha zao za eksirei wasiwe na hofu. Picha hizo zimekwisha kusafishwa.

Maziwa na chakula cha mtoto? Vinaweza kupita. Miali haibaki ndani ya chakula, nacho kinaweza kuliwa. Mtoto mwenyewe, bila shaka, hawekwi juu ya mkanda. Mbebe mkononi mpite pamoja katika lango la kukagua vyuma. Lango hilo halitumii eksirei, wala haliidhuru filamu.

Basi, akina mama, kabla hujamkabidhi mwanao filamu za nyumbani, keti naye umweleze mambo haya. Mwandikie kwenye karatasi, kwa Kiingereza au lugha ya huko aendako, ombi fupi la kumwonyesha mkaguzi. Mwambie pia ni nani waliomo katika picha hizo, ikiwa unakumbuka. Kijana anayejua kwamba amebeba uso wa bibi yake hatausahau mfuko ule chini ya viatu. Mkaguzi anatafuta silaha. Thamani ya kikopo kile hawezi kuiona katika kioo chake. Unaijua wewe.