Sauti Inapoachana na Midomo: Kurekebisha Video Zilizotolewa Kwenye Mikanda ya Zamani

Video iliyohamishwa kutoka mkanda wa VHS kwenda kwenye kompyuta mara nyingi hutoka na kasoro inayoudhi kuliko chenga za picha au rangi zilizopauka: sauti na picha haziendi pamoja. Msemaji anafumba mdomo ndipo neno lake linasikika, au mpiga ngoma anasikika kabla mkono haujagusa ngozi. Mtu havumilii makosa haya mawili kwa kiasi kimoja. Pendekezo la BT.1359 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaeleza kwamba watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini sauti ikichelewa hawaigundui mpaka ifike milisekunde 125. Hiyo ni kawaida ya maumbile. Mwanga husafiri haraka kuliko sauti, kwa hiyo anayemwangalia mkata kuni aliye ng'ambo ya bonde huona shoka likitua kwanza, kisha husikia kishindo. Sauti inayochelewa kidogo imezoeleka. Inayotangulia haipo popote duniani.

Kasoro hiyo ina vyanzo kadhaa, na kila chanzo kina dawa yake. Anayeanza kutibu kabla ya kupima huweza kuinyoosha dakika ya kwanza na kuiharibu ya mwisho.

Mkanda unavyobeba sauti na picha

Mikanda mingi iliyorekodiwa Afrika Mashariki ilifuata mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde. Kila fremu ina muda wa milisekunde 40. Picha huandikwa kwa mistari ya mshazari na hedi zilizo kwenye ngoma inayozunguka ndani ya deki. Sauti ya kawaida huandikwa kwenye ukingo wa juu wa mkanda na hedi nyingine, ambayo haizunguki.

Hedi hizo mbili hazikai mahali pamoja. Katika VHS, kutoka mahali mkanda unapoiacha ngoma hadi kwenye hedi ya sauti kuna takriban milimita 79. Mkanda wa PAL ukienda kwa mwendo wa kawaida wa milimita 23.39 kwa sekunde, umbali huo ni sawa na zaidi kidogo ya sekunde tatu. Kwa kuwa kamera na deki zote zimejengwa kwa kipimo kimoja, tofauti hiyo hujifuta yenyewe wakati wa kucheza. Huonekana pale tu mkanda ulipokatika ukaungwa kwa gundi: picha mpya hutokea huku sauti ya kipande cha zamani ikiendelea kwa sekunde tatu hivi, kisha mambo hurudi sawa. Kasoro ya namna hiyo haihitaji kusogeza sauti ya video nzima.

Deki bora zaidi, zenye alama ya Hi-Fi, ziliandika pia sauti ya pili kwa hedi zinazozunguka, chini ya njia ya picha. Jambo hili lina faida kubwa kwa mikanda ya arusi. Baadhi ya wapiga video walifuta sauti ya tukio na kuweka nyimbo juu yake, na deki nyingi zilipofanya hivyo ziligusa sauti ya ukingoni peke yake. Kama mkanda ulirekodiwa kwa Hi-Fi, maneno ya mashekhe, wazee au wachungaji yanaweza kuwa bado yapo kwenye njia ya pili, na kitufe cha deki cha kuchagua sauti hutosha kuyafikia. Kama sauti ya tukio imefutwa kabisa na kubaki wimbo tu, hakuna cha kulinganisha na midomo.

Kwa hiyo mkanda wenyewe ni nadra kuwa na hatia. Sauti na picha zimelala juu ya utepe mmoja unaovutwa na mota moja. Deki ikipunguza mwendo, vyote viwili hupungua. Kuachana hutokea njiani, kati ya deki na faili.

Mahali zinapoachania

Chanzo cha kwanza ni ucheleweshaji usiobadilika. Kifaa cha kunasia picha huchukua muda kuzichakata kabla ya kuzipeleka kwenye kompyuta, ilhali sauti huweza kupita kwa njia fupi zaidi. Matokeo yake ni tofauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida fremu chache.

Chanzo cha pili ni saa mbili zisizokubaliana. Ndani ya kifaa cha kunasia picha kuna kioo cha kwatzi kinachohesabu muda, na kadi ya sauti ya kompyuta ina chake. Waya wa picha ukiingia kwenye kifaa na waya wa sauti ukichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, saa hizo mbili hufanya kazi bila kujuana. Sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde. Saa ya kadi ya sauti ikienda mbio kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa moja faili ya sauti itakuwa na vipimo 8,640 vya ziada, yaani sekunde 0.18. Kwa mkanda wa E-180, ambao ni wa saa tatu, tofauti hufika sekunde 0.54. Mwanzo wa arusi huonekana sawa kabisa, lakini kufikia wakati wa kukata keki kila mtu anazungumza baada ya kufunga mdomo.

Chanzo cha tatu ni fremu zinazopotea. Mkanda uliokunjamana, hedi chafu, au mahali kamera ilipozimwa na kuwashwa hutoa ishara isiyo imara, na kifaa cha kunasia hushindwa kuitambua fremu. Diski inayojaa au kompyuta inayofanya kazi nyingine kwa wakati huohuo huleta hasara ileile. Fremu 25 zikipotea, picha huwa fupi kwa sekunde nzima huku sauti ikiwa kamili. Kuanzia hapo sauti huchelewa. Hasara hii haiji kidogokidogo, bali kwa miruko.

Chanzo cha nne ni hesabu mbaya ya fremu. Mikanda iliyotumwa na ndugu walioko Marekani au Kanada ni ya mfumo wa NTSC, wenye fremu 29.97 kwa sekunde. Programu ikiichukulia kuwa 30 kamili, picha hukimbia na kuiacha sauti nyuma kwa sekunde 3.6 katika kila saa moja. Programu nyingine hurekodi kwa idadi ya fremu inayobadilikabadilika, na programu za kuhariri hukosea kuisoma. Faili ya namna hiyo ni bora igeuzwe kwanza kuwa na idadi moja isiyobadilika, kwa mfano kwa HandBrake, kabla ya kuhaririwa.

Mikanda midogo ya MiniDV ina hali yake. Humo picha na sauti tayari ni dijitali na hutoka pamoja kwa waya wa FireWire, kwa hiyo tatizo la saa mbili wakati wa kunasa halipo. Hata hivyo, kamera nyingi za nyumbani hazikufunga hesabu ya sauti kwenye fremu kikamilifu, na tofauti ndogo huweza kujitokeza sauti inapotenganishwa na picha kuwa faili ya peke yake. Ni salama zaidi kuviacha viwili hivyo katika faili moja.

Kupima kabla ya kutibu

Kwanza huhakikishwa kwamba kasoro iko kwenye faili. Spika na vipokea sauti vya Bluetooth huchelewesha sauti vyenyewe, na televisheni nyingi za kisasa huchelewesha picha. Kipimo hufanywa kwa kompyuta na vipokea sauti vya waya.

Kisha huchaguliwa sehemu tatu: karibu na mwanzo, katikati, na karibu na mwisho. Panapofaa ni pale sauti ina mshindo unaoonekana: makofi, mlango unaofungwa, glasi zinazogonganishwa. Pasipo na mshindo, herufi p, b na m husaidia, kwa sababu haziwezi kutamkwa bila midomo kukutana.

Programu ya VLC hurahisisha kipimo. Kwenye kompyuta za Windows na Linux, kila mbofyo wa kitufe cha K huchelewesha sauti kwa milisekunde 50, na kila mbofyo wa J huiwahisha kwa kiasi hicho. Idadi ya mibofyo inayohitajika mpaka midomo na maneno viende pamoja hutoa jibu. Tofauti ikiwa sawa katika sehemu zote tatu, ni ucheleweshaji usiobadilika. Ikikua kwa mpango, ndogo mwanzoni, nusu katikati na kamili mwishoni, ni saa zisizokubaliana au hesabu mbaya ya fremu. Ikiwa sawa mpaka mahali fulani kisha ikaruka ghafla, ni fremu zilizopotea.

Dawa za aina tatu

Ucheleweshaji usiobadilika hutibiwa kwa kusogeza sauti yote kwa kiasi kilichopimwa. Avidemux hufanya hivyo kwa kuandikiwa idadi ya milisekunde, na katika programu za kuhariri kama Shotcut, Kdenlive au DaVinci Resolve sauti hutenganishwa na picha kisha huvutwa mbele au nyuma. Picha haihitaji kubanwa upya katika Avidemux, kwa hiyo ubora wake haupungui.

Tofauti inayokua huhitaji kubadili urefu wa sauti. Kwanza husawazishwa mwanzo, kisha hupimwa mwisho. Tuseme picha ina urefu wa sekunde 3,600 na tukio la mwisho husikika sekunde 0.72 baada ya kuonekana. Sauti imerefuka hadi 3,600.72, na 3,600.72 ikigawanywa kwa 3,600 hupatikana 1.0002. Hicho ndicho kiasi ambacho sauti inapaswa kuongezewa kasi. Programu ya Audacity ina amri mbili zinazofanana: moja hubadili kasi pamoja na kimo cha sauti, nyingine hubadili kasi na kukiacha kimo kilivyo. Kwa marekebisho madogo kama haya, ile ya kwanza ni bora, kwa sababu mabadiliko ya asilimia 0.02 hayasikiki kwa sikio lolote, wakati ile ya pili hukatakata sauti na kuiunga upya, na huweza kuacha mikwaruzo kwenye muziki.

Miruko ndiyo migumu zaidi. Kunyoosha sauti yote hakusaidii. Hupunguza kosa mahali pamoja na kulizidisha pengine. Video hukatwa kila mahali ilipoanza tofauti mpya, na sauti ya kila kipande husogezwa peke yake. Kwenye video za nyumbani kazi hii hurahisishwa na ukweli kwamba miruko mingi hutokea pale kamera iliposimamishwa, mahali ambapo tukio lenyewe limekatika. Miruko ikizidi michache, kuurekodi mkanda upya huchukua muda mfupi kuliko kuirekebisha.

Kurekodi upya kwa uangalifu

Mkanda unaorudiwa huanza kwa kukaguliwa. Katika miji ya pwani yenye unyevu, utepe huota ukungu mweupe unaoonekana kupitia dirisha la kasha. Mkanda wa namna hiyo hauwekwi kwenye deki kabla ya kusafishwa, kwani ukungu huziba hedi na kuhamia kwenye mikanda mingine. Mkanda safi hupelekwa mbele mpaka mwisho na kurudishwa mwanzo, ili utepe ujikunje upya kwa mkazo ulio sawa. Hedi za deki nazo husafishwa. Deki hizo zinahitaji kutunzwa: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016.

Waya za sauti na za picha huingizwa katika kifaa kimoja cha kunasia, ili zisigawanyike kati ya vifaa viwili. Programu huwekwa kwenye fremu 25 kwa PAL au 29.97 kwa NTSC, na sauti kwenye 48,000. VirtualDub ina uwezo wa kuirekebisha sauti papo hapo wakati wa kunasa ili ifuate mwendo wa picha, na huonyesha hesabu ya fremu zilizopotea. Hesabu hiyo ikipanda, hakuna haja ya kungoja mkanda uishe.

Kwa ishara dhaifu hutumiwa kifaa kiitwacho TBC, kinachowekwa kati ya deki na kompyuta. Kipo cha aina mbili. Kimoja hunyoosha mistari ndani ya kila fremu, nacho hupatikana ndani ya deki bora na baadhi ya rekoda za DVD. Kingine huhifadhi fremu nzima na kuitoa kwa wakati wake, hata kama mkanda umeyumba. Hicho ndicho kinachozuia hasa upotevu wa fremu. Huongeza ucheleweshaji mdogo usiobadilika, ambao huondolewa kwa kusogeza sauti mara moja.

Diski nayo iwe na nafasi ya kutosha. Faili ya aina ya DV huchukua takriban gigabaiti 13 kwa kila saa ya video, na faili zisizopunguza ubora huchukua zaidi. Programu nyingine zote hufungwa mpaka mkanda uishe.

Marekebisho hufanywa kwenye nakala, na faili ya kwanza huhifadhiwa kama ilivyonaswa. Nakala iliyorekebishwa hupimwa tena katika sehemu zilezile tatu, kisha kwenye kila kiungo kilichokatwa. Tofauti ikiwa ndani ya fremu moja, yaani milisekunde 40, iko chini ya kiwango ambacho mtazamaji huanza kukigundua, hata pale sauti inapotangulia.