Je, Wajua? Maumivu ya Wanawake Yalipimwa kwa Panya Dume

Mwaka 2005 watafiti Jeffrey Mogil na Mona Lisa Chanda walipitia makala za miaka kumi katika jarida la Pain, wakakuta takriban asilimia 79 ya tafiti za wanyama zilitumia madume peke yao, ilhali wengi wa wenye maumivu sugu ni wanawake. Utetezi ulikuwa kwamba homoni za majike huvuruga matokeo. Hoja hiyo ilivaa joho la sayansi, lakini mwaka 2014 uchambuzi wa makala 293 ulionyesha kuwa vipimo vya panya majike havibadiliki-badiliki zaidi kuliko vya madume. Mwaka uliofuata, Mogil na wenzake waligundua kwamba kuzuia seli za kinga za mfumo wa neva ziitwazo mikroglia kulipunguza maumivu ya panya madume. Majike hawakupata nafuu, kwani miili yao hutumia seli nyingine za kinga. Wapo wanaolalamikia gharama ya kupima jinsia zote mbili. Ipo, ila dawa isiyowafaa nusu ya wagonjwa ni ghali zaidi. Tangu 2016, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani humtaka mwombaji wa fedha azingatie jinsia zote mbili, au aeleze sababu nzito ya kuacha moja.