Trekta la Mirathi: Lipimwe Kabla ya Kuuzwa

Ziko nyumba za Kiislamu Kibera na Kawangware ambazo mali yake haiko Nairobi. Shamba limebaki kijijini, na shambani pana trekta kuukuu. Baba anapofariki, husikika neno la haraka: “Giaboksi imekufa, liuzeni kwa bei ya chuma chakavu.”

Kwa mjane, ambaye fungu lake ni thumuni marehemu anapoacha watoto, na robo asipoacha, neno hilo si dogo. Trekta likiuzwa kwa thamani isiyo yake, haki ya mjane na mayatima imepunjwa kabla shauri halijafika kwa Kadhi. Kwa hiyo yafaa mama wa nyumba ajue maswali ya kumwuliza fundi.

Klachi hukaa kati ya injini na giaboksi, nayo huunganisha nguvu na kuikata. Kosa lake hudhaniwa mara nyingi kuwa kosa la giaboksi, ilhali gharama zake hazilingani.

Jambo la kwanza ni pedali. Ikibonyezwa kwa mkono, sharti ilegee kidogo kabla ya kuwa nzito. Isipolegea kabisa, klachi huteleza na kuungua. Ikilegea mno, haikati nguvu sawasawa. Kurekebisha hilo hufanywa kwa nje, bila kufungua trekta.

La pili, injini ikivuma kwa nguvu na trekta lisivute, pakanuka kuungua, pleti ya klachi imelika au imelowa oili. Ikiwa imelowa, fundi aonyeshe oili inavuja wapi. Pleti mpya juu ya mvujo wa zamani ni fedha iliyotupwa.

La tatu, gia zikikwaruza injini ikiwaka, lakini zikaingia kwa ulaini injini ikizimwa, mshukiwa wa kwanza ni klachi. Trekta lililosimama muda mrefu huenda pleti yake imegandishwa na kutu tu. Lakini gia ikichomoka yenyewe katika kazi, au mlio ukisikika katika gia moja pekee, hapo giaboksi ichunguzwe. Oili yake imwagwe katika chombo safi: vipande vya chuma ni ushahidi wa meno yaliyovunjika, na rangi ya maziwa ni dalili ya maji.

Kuifikia klachi hulazimu trekta ligawanywe vipande viwili. Kwa kuwa kazi hiyo ni kubwa, ni busara pleti, beringi na sili zikaguliwe kwa pamoja, na spea kuukuu zirejeshwe mkononi mwa mwenye mali.

Tahadhari moja kwa akina mama: shafti ya nyuma inayoendesha mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Baadhi ya matrekta, kama Massey Ferguson 135 zenye klachi ya hatua mbili, pedali ikikanyagwa nusu husimamisha magurudumu tu. Shafti huendelea kuzunguka. Buibui, kanga na watoto wawe mbali mpaka injini izimwe.

Mali ya marehemu ni amana. Warithi wamwite fundi wa pili asiye na nia ya kununua, waandike alichokiona, kisha ndipo wakadirie bei. Anayetaka trekta liwe bovu ili alinunue yeye hafai kuwa mpimaji wake.