Taa za Bwana Karsh

Tarehe 30 Desemba 1941, katika mji wa Ottawa nchini Kanada, kijana mmoja alisimama ndani ya chumba cha Spika wa Bunge, mbele yake kamera kubwa ya miguu mitatu, kandokando yake taa ambazo hazijawashwa. Katika ukumbi wa Bunge, Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa akihutubia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto. Hotuba ikiisha, mzee huyo angepitishwa chumbani humo apigwe picha. Tatizo lilikuwa moja tu: mzee mwenyewe hakuwa ameambiwa.

Tumwache kijana huyo asubiri kidogo, wanangu, maana hadithi yake haianzii Ottawa.

Jina lake Yousuf Karsh, Mwarmenia. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mardin, mji ulioko Uturuki ya leo. Utotoni aliona Waarmenia wakiuawa na kufukuzwa, na mwaka 1922 familia yake ikakimbilia Syria. Alipofika miaka 16, wazazi wakampeleka Kanada kwa mjomba wake George Nakash, aliyekuwa na studio ya picha katika mji wa Sherbrooke. Mjomba akaona kijana ana jicho, akamtuma Boston, Marekani, kwa fundi mwingine wa Kiarmenia, John Garo. Huyu Garo alikuwa bingwa, lakini alitumia mwanga wa jua unaoingia dirishani. Jua likififia, kazi imekwisha, wageni wanakaribishwa, mazungumzo yanaanza.

Karsh akafungua studio yake Ottawa mwaka 1932. Hapo ndipo alipoalikwa kwenye kikundi cha maigizo cha mji ule. Akakaa gizani akitazama jukwaa, akashangaa. Taa moja inawaka upande wa kushoto, mwigizaji anaonekana mpole. Inazimwa, inawaka nyingine kutoka juu, mtu yuleyule sasa anatisha. Hakubadili nguo wala hakusema neno. Dirisha la Garo lisingeweza kufanya hivyo kwa amri ya mtu. Tangu siku hizo Karsh akawa mtu wa taa nyingi.

Sasa nanyi mnaweza kuuliza: taa nyingi za nini? Kama shida ni giza, si uwashe moja kubwa, mambo yaishe?

Kuna mchezo mnaoujua. Umeme umekatika, mkubwa wenu anashika tochi chini ya kidevu, anaiwasha, wadogo wanapiga kelele. Uso ni uleule wa kaka, ila vivuli vimepanda juu badala ya kushuka chini, na macho yetu yamezoea jua lililo juu. Basi mwambie kaka akae kitini. Ishike tochi hiyo upande mmoja wa uso wake, juu kidogo ya macho, kisha izungushe polepole. Utafika mahali ambapo kivuli cha pua kinaungana na kivuli cha shavu la upande wa pili, na chini ya jicho la upande huo inabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Mchoraji wa Kiholanzi, Rembrandt, aliwachora watu hivyo karne ya 17, na hadi leo wapiga picha wanauita mwanga huo kwa jina lake. Hiyo ndiyo taa kuu. Ndiyo inayoamua uso utasema nini, na ukiikosea, taa nyingine zote hazitakusaidia.

Taa ya pili hukaa upande wa kivuli, nayo huwa dhaifu. Kazi yake si kufuta kivuli. Ni kukipunguza makali tu, ili jicho lililo gizani lionekane. Ukizipa taa zote mbili nguvu sawa, uso unakuwa bapa kama sahani. Ukiiacha ya pili iwe na robo ya nguvu ya mwenzake, uso unapata bonde na kilima. Na huhitaji mitambo kuipunguza, isogeze tu nyuma. Taa ndogo ikiwekwa umbali mara mbili ya ule wa kwanza, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo, si nusu. Mafundi wengi wa mtaani wanalijua hili kwa mikono yao hata kama hawajawahi kuliandika kwa hesabu. Asiye na taa ya pili huweka kadibodi nyeupe upande wa kivuli, nayo ikarudisha mwanga usoni.

Taa ya tatu hutoka nyuma, juu, ikagusa nywele na mabega. Kwa nywele zetu nyeusi mbele ya pazia jeusi, bila taa hiyo kichwa humezwa na giza. Ya nne humulika ukuta. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayopendwa mno na wanaoanza, na ndiyo inayoweza kukosekana bila mtu kulalamika.

Jambo jingine ni upana wa taa. Tochi tupu hutoa kivuli chenye makali. Tandaza shuka jeupe mbele yake, kivuli kinalainika. (Shuka likae mbali na balbu ya moto, nisije nikalaumiwa na mama zenu.) Na hapa niseme jambo linaloniudhi: wapiga picha wanaoona ngozi nyeusi wakaongeza mwanga mpaka mtu akapauka. Ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga. Inahitaji taa pana iliyokaa upande, ili mng'ao wake uteleze kwenye shavu na paji la uso na kuonyesha umbo. Karsh alimpiga picha Nelson Mandela mwaka 1990, miezi michache baada ya kutoka gerezani. Mkiipata picha hiyo, itazameni mkijiuliza kila mng'ao umetoka wapi.

Haya, turudi kwa kijana wetu. Churchill akaingia, Karsh akawasha taa zake zote kwa mpigo. Mzee akang'aka: nini hiki? Alipoelezwa, akakubali picha moja tu, akawasha biri yake nene na kuivuta bila haraka. Karsh akamsogezea kisahani cha majivu, mzee hakujali. Karsh akarudi kwenye kamera, akahakikisha kila kitu kiko tayari, kisha akamwendea, akaomba radhi kwa heshima, na akamchomoa biri mdomoni! Churchill akamkazia macho kana kwamba anataka kumla. Karsh akabonyeza.

Picha hiyo huitwa Simba Angurumaye, na tangu mwaka 2016 mchoro uliotokana nayo umo kwenye noti ya pauni tano ya Uingereza. Itazameni picha yenyewe vizuri. Nyuma ya mzee ni ukuta wenye giza. Koti ni jeusi. Kinachong'aa ni uso na mikono, mmoja kiunoni, mwingine umeshika mgongo wa kiti. Karsh alipenda sana mikono, na mara nyingi aliitengea taa yake peke yake, kwa sababu kwake mkono ulisema habari za mtu sawa na uso. Kilichoileta hasira ile ni biri. Lakini taa zisingekuwa zimeshapangwa kabla ya mzee kuingia, hasira hiyo ingepita bure, kwani ilidumu kitambo kidogo tu. Muda mfupi baadaye Churchill alikuwa anatabasamu na kumruhusu apige nyingine.

Msidhani basi Karsh aliwasha kila alichonacho kila mahali. Mwaka 1954 alimpiga picha mcheza selo Pablo Casals katika abasia ya kale kusini mwa Ufaransa. Alimpiga picha kutoka mgongoni! Mzee amekaa peke yake na chombo chake, mbele yake ukuta wa mawe, juu kabisa kidirisha kidogo. Karsh alipenda kusimulia kwamba picha hiyo ilipoonyeshwa Boston, bwana mmoja mzee alikuwa akija kila siku kusimama mbele yake. Mhudumu alipomuuliza sababu, akamwambia anyamaze, kwani anasikiliza muziki.

Kwa hiyo siku mtakayopata taa, ziwe za studio au tochi mbili na kadibodi, mkalisheni babu au bibi kitini na mzungumze naye kwanza, mjue ni mtu wa namna gani. Halafu zimeni zote. Washeni moja, mtazameni. Mnataka mikunjo ya uso wake ionekane? Ipelekeni taa pembeni. Mnataka mikunjo ilale? Ileteni taa mbele na muitandazie shuka. Ya pili msiiwashe mpaka muweze kusema itafanya kazi gani, na mkishindwa kusema, pigeni kwa hiyohiyo moja.