Breki za Upepo: Jaribu Lori Kabla Halijateremka

Mkulima wa skimu anajua ya kuwa kazi haiishi shambani. Viazi, kabeji na maziwa havileti fedha mpaka vifike sokoni, na njia ya kwenda Nakuru kutoka Nyandarua, Molo au Kuresoi ni ya mteremko. Nyahururu iko kiasi cha mita 2,300 juu ya bahari, na mji wa Nakuru kiasi cha mita 1,850. Lori hupanda likiwa tupu, hushuka likiwa limejaa. Basi mavuno yako yote, pamoja na roho za watu, hutegemea breki.

Usiseme, “Hiyo ni kazi ya dereva.” Kama lori ni la chama chenu cha ushirika, wewe ni mmoja wa wenyewe. Tena kumbuka watu walio kando ya barabara. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililomshinda dereva liliingia kati ya wachuuzi na abiria, na watu zaidi ya 50 wakafa.

Jinsi zinavyofanya kazi

Malori madogo kama Canter kwa kawaida hutumia breki za mafuta. Malori makubwa hutumia upepo. Injini huzungusha kompresa, nayo hushindilia upepo ndani ya matangi. Dereva akikanyaga pedali, upepo huenda kwenye chemba zilizo karibu na magurudumu. Chemba husukuma fimbo ya chuma, fimbo huzungusha mkono wa breki, na lainingi hukaza dramu.

Breki ya kuegesha hufanya kinyume. Ndani ya chemba za nyuma mna springi kubwa yenye nguvu, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukipungua sana, springi hukaza magurudumu. Kwa hiyo lori likikataa kuondoka asubuhi na geji iko chini, subiri upepo ujae kwanza.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Huona geji imejaa, wakadhani breki ni nzima. Geji huonyesha upepo tu. Haionyeshi lainingi iliyokwisha, wala mkono wa breki uliolegea, wala dramu iliyopata moto. Lori laweza kuwa na upepo tele lisisimame.

Majaribio ya asubuhi

Kazi hii huchukua dakika chache. Simamisha lori mahali tambarare, uweke mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu yeyote asiingie chini ya lori kabla ya kufanya hivyo.

Kwanza, fungua vali zilizo chini ya matangi ya upepo. Katika nchi yetu ya baridi na ukungu, maji hukusanyika humo na kuharibu vali. Maji machache si ajabu. Yakiwa mengi kila siku, kichujio cha kukausha upepo kimechoka. Yakitoka mafuta mengi, huenda ringi za kompresa zimekwisha.

Pili, washa injini uitazame geji. Malori mengi hujaa kati ya baa 7 na 8.5, yaani kiasi cha pauni 100 hadi 120 kwa inchi ya mraba. Lakini fuata kitabu cha lori lako. Upepo ukijaa utasikia ukipumua “pshh”. Geji ikipanda polepole sana, kompresa imechoka, au kichujio chake kimeziba, au upepo unavuja.

Tatu, zima injini, achilia breki ya kuegesha, uitazame geji kwa dakika moja. Isishuke zaidi ya pauni 2. Kama kuna trela, pauni 3. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu. Geji itashuka kidogo mara moja, halafu itulie. Endelea kukanyaga dakika moja nyingine: isipungue tena zaidi ya pauni 3, au 4 kwa lori lenye trela. Ikizidi, utingo azunguke akisikiliza. Povu la sabuni likipakwa kwenye viungo vya mipira litaonyesha tundu. Uvujaji unaosikika pedali ikikanyagwa tu, mara nyingi uko kwenye chemba au vali ya pedali.

Nne, injini ikiwa imezimwa lakini ufunguo uko wazi, kanyaga na kuachia pedali mara nyingi. Taa au kengele ya hatari lazima iamke kabla upepo haujashuka chini ya pauni 60, yaani kiasi cha baa 4. Dereva aliyekata waya wa kengele kwa sababu inamsumbua ameondoa mlinzi.

Tano, jaza upepo tena, uzime injini. Mmoja akanyage pedali, mwingine apime fimbo ya kila chemba inatoka kiasi gani. Katika chemba nyingi za malori makubwa, ikitoka zaidi ya inchi 2 breki imelegea. Linganisha kushoto na kulia. Lori linalovutwa upande mmoja likifunga breki, mara nyingi lina kasoro hapa.

Onyo

Usiruhusu mtu asiye fundi afungue chemba yenye springi. Springi ile ikifyatuka yaweza kuua. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vyake.

Kwenye mteremko

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Dereva akikanyaga pedali moja kwa moja kutoka Mau Summit kuelekea Sachangwan na Salgaa, dramu hupata moto na kutanuka, zikajitenga na lainingi; lainingi nazo huteleza. Fimbo hufika mwisho wake, na hapo upepo hausaidii kitu. Hata ile springi ya kuegesha haina nguvu juu ya dramu zenye moto.

Kwa hiyo dereva atie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, aache injini ishike lori. Akanyage breki mpaka mwendo upungue, aachie, kisha arudie. Asitoe gia ili kuokoa dizeli. Akiba ya lita moja si kitu mbele ya lori lililokimbia. Akisikia harufu ya kuungua au akiona moshi, asimame mahali salama, aweke mawe, asubiri dramu zipoe. Asizimwagie maji baridi, maana zaweza kupasuka.

Mzigo pia ni shauri lako wewe mkulima. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la kilo 50. Magunia 200 ya kilo 50 ni tani 10. Magunia yale yale yakishindiliwa mpaka kilo 80 ni tani 16. Breki haziongezeki kwa sababu mnunuzi ameongeza kilo.

Wajibu wa chama

Halmashauri ya chama inafaa iweke daftari ndani ya lori. Kila asubuhi dereva aandike tarehe, kipimo cha geji, na kasoro aliyoona. Fundi aandike alichotengeneza. Ukaguzi wa serikali wa kila mwaka ni lazima, lakini mpira wa upepo waweza kupasuka siku ya pili yake.

Dereva akisema, “Leo siondoki, breki haziko sawa,” msimkate mshahara wala msitafute mwingine wa kuliendesha. Maziwa yakiharibika ni hasara ya siku moja. Mpigieni fundi simu, tafuteni gari jingine la kupeleka maziwa, na lori likae pale lilipo, mawe yakiwa chini ya magurudumu, mpaka litengenezwe.