MBEGU ZA GMO: PROTINI HUPIMWAJE?



Ukishuka matatu River Road, Nairobi, na pesa za kikundi za kununua mbegu, hutakosa mtu wa kukuambia: "Chunga usiuziwe GMO, ni sumu!" Mwingine atamjibu: "Wacha uoga, wengine wanakula kila siku." Hao wote wawili hawajatusaidia. Afadhali tuulize: Ni kitu gani kimeongezwa kwenye mmea? Kimepimwaje?

Mara nyingi kilichoongezwa hutengeneza protini mpya. Mfano ni pamba ya Bt, ambayo Kenya iliruhusu wakulima waipande mwezi wa Desemba 2019. Protini yake, iitwayo Cry, asili yake ni bakteria wa udongoni. Funza wa pamba akiila, inashika kwenye utumbo wake na kuutoboa, naye anakufa. Utumbo wa mtu hauna mahali pa protini hiyo kushika.

Lakini wataalamu hawaishii hapo. Wanapima hivi:

1. Kulinganisha. Protini ni kama shanga kwenye uzi. Kompyuta hutazama kama mpangilio wake unafanana na protini zinazojulikana kuwa na sumu au kuleta aleji, yaani mwili kukataa chakula: ngozi inawasha, midomo inavimba, pumzi inabana.

2. Kuyeyusha. Protini hutiwa kwenye maji makali kama ya tumboni. Ikivunjika upesi, hofu ya aleji inapungua.

3. Kupasha moto, kuona kama inastahimili.

4. Kulisha panya kipimo kikubwa.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Vyote husomwa pamoja.

Je, vipimo hivi vimewahi kukamata kosa? Ndiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, soya iliyotiwa protini ya njugu za Brazili ilipimwa kwa damu ya watu wenye aleji ya njugu hizo. Ikaonekana ingewadhuru, na haikuuzwa kamwe.

Lakini kipimo hakifuati gunia. Marekani iliruhusu mahindi ya StarLink kwa mifugo tu, kwa kuwa protini yake ilichelewa kuyeyuka. Mwaka 2000 yalikutwa katika vyakula vya watu madukani. Maabara ilikuwa imeonya. Walioshindwa ni wale wa kutenganisha mizigo.

Kuna pia kijikaratasi cha kupima jani lililopondwa. Hicho huonyesha tu kama protini imo. Hakisemi kama ni salama.

Kwa hivyo, mweka hazina, nunua mbegu zilizofungwa, zenye lebo. Weka risiti na pakiti. Usichanganye mbegu za magunia mawili. Na chini ya sheria ya mwaka 2009, maombi ya GMO hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Kikundi chenu kinaweza kuandika.

JADILINI KATIKA KIKUNDI

- Mbegu tulizopanda msimu uliopita zilitoka wapi? Pakiti ziko?
- Mtu akisema "ni sumu" au "ni salama", tumuulize nini?
- Nani kati yetu ana aleji ya chakula, na tunajuaje?