KALI, CHACHU, KAKASI: MSAMIATI WA KUONJA KASIKSI NA BIA CHACHU ZA UBELGIJI

1. Utangulizi

Katika mtaa wa Birere, mjini Goma, mwenyeji amkaribishaye mgeni kasiksi, yaani pombe ya ndizi, husubiri neno baada ya funda la kwanza. Mara nyingi neno hilo huwa: "Iko kali." Je, mgeni amesifu au amelalamika? Huenda ana maana kwamba pombe ina nguvu, au imechacha kiasi cha kupendeza, au imegeuka siki. Maana mbili za kwanza humfurahisha mpishi. Ya tatu humtia hasara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utata huo hautokani na umaskini wa Kiswahili. Maneno yapo, kinachopungua ni mazoea ya kuyatofautisha. Ili hoja iwe wazi, tutalinganisha kasiksi na bia chachu za Ubelgiji, ambazo waonjaji wake hulazimika kutenganisha ladha hizohizo.

2. Vinywaji viwili, kanuni moja

Kasiksi hutengenezwa kwa ndizi za pombe zilizovundikwa kwa siku kadhaa hadi zikaiva. Ndizi humenywa, hukandwa pamoja na nyasi, na maji yake, yaitwayo mutobe, huchujwa. Kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja hadi tatu pombe huwa tayari. Hamira ya dukani haihitajiki: vijidudu vilivyomo katika unga na chombo hufanya kazi yote.

Lambiki, bia ya Brussels na bonde la mto Senne, hufuata kanuni hiyohiyo. Maji ya kimea cha shayiri na ngano huchemshwa, kisha huachwa usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, majira ya baridi, yapokee vijidudu kutoka hewani. Tofauti kubwa ni muda, kwani lambiki hukaa katika mapipa ya mbao mwaka 1 hadi miaka 3. Lambiki changa ikichanganywa na iliyokomaa, kisha ikafungwa chupani, hupatikana gueuze yenye povu. Ikiloweshwa matunda ya cheri, hupatikana kriek.

3. Maana zilizofichwa ndani ya "kali"

Kivumishi -kali kina uwanja mpana: kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, dawa kali. Kiini chake ni kile kinachouma au kuchoma. Kwa hiyo si ajabu kikatumika kwa pombe, lakini kwa mwonjaji hakitoshi. Tunapendekeza mgawanyo ufuatao:

(a) Uchachu: ladha ya asidi laktiki, kama ya maziwa yaliyoganda. Kitenzi chacha na nomino chachu, yaani kile kiumuacho unga au pombe, vina asili moja. Hivyo lugha yenyewe imekwisha kuunganisha ladha na chanzo chake.

(b) Usiki: ladha ya siki, yaani asidi asetiki. Vijidudu vyake huhitaji hewa; ndiyo maana kasiksi iliyobaki nusu bidoni huharibika upesi, na ndiyo maana watengenezaji wa lambiki huyachunga mapipa yao yasiingie hewa nyingi.

(c) Ukakasi: ule mkauko wa ulimi na ufizi uletwao na ndizi mbichi, na katika lambiki na mbao za pipa.

(d) Ukali: joto la kileo kooni. Tunashauri -kali ibakie hapa.

Uchungu ni jambo la tano. Kasiksi haina hopsi, na lambiki hutiwa hopsi kuukuu zilizopoteza sehemu kubwa ya uchungu wake.

4. Namna ya kuonja nyumbani

Mwonjaji na aanze kwa kunusa. Asidi asetiki hufuka, ya laktiki haifuki. Basi siki hujulikana puani kabla ya kufika ulimini. Halafu achukue funda dogo, aliache ulimini, auchunguze uchachu. Akishameza, apime ukakasi katika ufizi na ukali kooni. Kinywaji kisiwe baridi mno, maana baridi huficha harufu. Masimbi yaachwe chini ya chombo.

5. Hitimisho

Wanafunzi wetu wakikutana na neno la Kifaransa aigre, wengi hulitafsiri kwa "kali", ilhali vinaigre si kitu kingine ila mvinyo uliochacha. Tukiwazoeza kusema "imechacha vizuri", "ina usiki" au "ina ukakasi", tutakuwa tumewapa istilahi bila kukopa hata neno moja. Na pale Birere, mama aliyepika kasiksi atajua kama asifiwe, au aimwage na kuanza upya.